Mkono Unapotangulia Ulimi: jinsi kutengeneza sanaa kunavyomsaidia aliyeumia moyoni

Hospitali ya Panzi, iliyoko Bukavu mashariki mwa Kongo, inajulikana duniani kwa upasuaji. Daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, na mwaka 2018 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa juhudi zake dhidi ya ubakaji unaotumiwa kama silaha ya vita. Lakini katika huduma za Panzi kulianzishwa pia kitu ambacho mgeni hakitarajii hospitalini: studio ya kurekodia muziki. Wanawake waliokwisha kutibiwa majeraha ya mwili waliingia humo kwa makundi. Upande mmoja alikaa mwanasaikolojia, upande wa pili mtayarishaji wa muziki. Wakatunga nyimbo kuhusu yaliyowapata, wakazifanyia mazoezi, wakazirekodi, kisha wakaziimba mbele ya jamii zao. Mpango huo uliendeshwa kwa ushirikiano na shirika la Make Music Matter, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu wanawake walioupitia huko Kivu Kusini ulionyesha kuwa hofu, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) na dalili za kiwewe zilipungua.

Mtu anaweza kusoma habari hiyo akahitimisha kwamba muziki ni dawa. Mwingine atasema wimbo hauwezi kufuta ubakaji. Huyu wa pili ana haki ya kusema hivyo, maana hakuna wimbo unaofuta. Ila wote wawili wameuangalia wimbo uliokamilika, wakaipita kazi iliyofanyika kabla haujakamilika. Mwanamke aliyeingia studio ile alilazimika kutafuta neno la kwanza, akalikataa, akatafuta jingine. Aliamua kipi kiimbwe na kipi kibaki moyoni mwake. Alisikia wenzake wakiitikia kiitikio alichotunga yeye. Aliyenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake alikaa wiki kadhaa akiamua jambo moja baada ya jingine, na kila alipoamua aliheshimiwa. Ukitaka kuelewa jinsi sanaa inavyosaidia afya ya akili, tazama hapo, kwenye kutengeneza, kabla hujauliza kama kilichotengenezwa ni kizuri.

Tunachanganya nini tunaposema "sanaa inatibu"

Tunaweka kapu moja mambo yasiyofanana. Kuna mama anayesuka ukili barazani jioni ili kichwa kitulie. Kuna msanii anayeishi kwa kuuza picha, mwenye kodi ya nyumba na mteja asiye na subira. Na kuna mgonjwa aliyeketi na mtaalamu aliyesomea kutumia rangi, udongo, igizo au ngoma kama njia ya matibabu. Wa kwanza anapata nafuu bila hata kuitafuta. Wa pili huenda sanaa hiyohiyo ndiyo inayomkosesha usingizi. Wa tatu ana lengo la kitabibu, ana muda uliopangwa, na ana mtu anayejua la kufanya pale kumbukumbu mbaya inapomrukia katikati ya kazi. Anayemwambia mwenye sonona kali "chora tu, utapona" amemchukua mtu wa tatu akamtibu kama wa kwanza.

Hiyo tiba ya wa tatu, tiba kwa sanaa, ilipata jina lake Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1938 mchoraji Adrian Hill alilazwa katika sanatoriamu ya King Edward VII huko Midhurst, akiugua kifua kikuu. Dawa za kuua vijidudu vya ugonjwa huo zilikuwa bado hazijapatikana. Matibabu yalikuwa hewa safi, lishe, na kulala kitandani mwezi baada ya mwezi, na upweke uliokuja na ulalo huo ulikuwa ugonjwa wa pili. Hill akaanza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake. Alipoona kinachotokea ndani yake, akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake, wakiwemo askari waliorudi na majeraha, na mwaka 1942 akaipa kazi hiyo jina. Mwaka 1946 msanii Edward Adamson akaajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Netherne, kusini mwa London. Zama hizo mgonjwa wa akili angeweza kupasuliwa ubongo au kupigwa mishtuko ya umeme bila kuulizwa anataka nini. Adamson aliandaa karatasi, brashi na rangi, akakaa na wagonjwa, na hakuwaambia wachore nini wala hakuwatafsiria walichochora. Inaonekana ni jambo dogo. Mimi naona lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyofanyika katika jengo lile: kulikuwa na chumba kimoja ambamo mgonjwa aliulizwa anataka rangi gani.

Maana au kitendo?

Ndani ya taaluma yenyewe kuna ubishi wa zamani, na ukiufahamu, mengi yananyooka.

Margaret Naumburg, mwalimu Mmarekani aliyeanzisha shule ya Walden mjini New York mwaka 1914, alifanya kazi na wagonjwa wa akili katika miaka ya 1940. Kwake mchoro ulikuwa usemi wa sehemu ya nafsi ambayo mwenyewe haijui. Mgonjwa achore kinachomjia, kisha yeye na mtaalamu wazungumze juu ya mchoro huo, mpaka mgonjwa atambue kwa kinywa chake alichokuwa amekisema kwa mkono. Bila mazungumzo hayo kazi imeishia njiani.

Edith Kramer aliona vingine. Alizaliwa Vienna mwaka 1916, akakimbilia Marekani mwaka 1938 kuwaepuka Wanazi, na katika miaka ya 1950 akawa akifundisha sanaa wavulana wenye matatizo ya tabia katika shule ya Wiltwyck. Kwake kitendo chenyewe ndicho tiba. Mvulana mwenye hasira anapigana na udongo: sanamu inaanguka, anaikandakanda, anaanza upya, inaanguka tena. Siku inaposimama, nguvu ileile iliyokuwa ikivunja viti imejenga kitu. Huenda hajasema neno lolote kuhusu baba yake, na si lazima aseme.

Kramer hakuyatoa mawazo hayo vitabuni. Alikuwa mwanafunzi wa Friedl Dicker-Brandeis, msanii wa Kiyahudi aliyesomea katika chuo cha sanaa cha Bauhaus huko Weimar, Ujerumani, na katika miaka ya 1930 alimsaidia kufundisha kuchora watoto wa wakimbizi mjini Prague. Mwezi Desemba 1942 Friedl alipelekwa kambi ya Terezín, kilomita zipatazo 60 kaskazini mwa Prague, ambako Wanazi waliwarundika Wayahudi kabla ya kuwasafirisha kwenda kuuawa. Mizigo waliyoruhusiwa kubeba ilikuwa michache. Wa kwake ulikuwa na vifaa vya sanaa. Kambini aliwafundisha mamia ya watoto kwa siri, wakichora juu ya karatasi chakavu zilizokwisha tumika. Hakuwalazimisha kuchora kambi. Aliwafundisha mistari, mwanga na kivuli, mpangilio wa vitu, maua yaliyo katika chombo. Na aliwataka waandike majina yao kwenye kazi zao, mahali ambapo utawala uliwatambua kwa namba. Oktoba 1944 alisafirishwa kwenda Auschwitz, akauawa. Aliacha masanduku mawili yenye michoro ipatayo 4,500, ambayo leo inatunzwa na Makumbusho ya Kiyahudi ya Prague. Watoto wengi walioichora hawakunusurika.

Ni lazima tusimame hapo, kwa sababu mfano huo unakata maneno mepesi. Masomo ya Friedl hayakuwaokoa watoto wale. Yalichofanya ni kuwapa, kwa saa chache kwa wiki, nafasi ya kuwa watoto wanaojifunza kitu kigumu na kukiweza. Nani atathubutu kusema hilo halikuwa na thamani?

Mimi niko karibu zaidi na Kramer. Nimeona watu wengi wakibanwa waeleze picha zao kabla hawajawa tayari, na maelezo hayo yakawa mtihani mwingine. Hata hivyo, wanawake wa Panzi wanaonyesha kwamba ipo hatua ambayo mkono peke yake hauifikii. Pale mwanasaikolojia alipokaa pembeni ya mtayarishaji wa muziki, Naumburg na Kramer walikuwa wameketi meza moja.

Kinachotokea mwilini na kichwani

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, wakiongozwa na Girija Kaimal, waliwapa watu wazima 39 udongo, kalamu za rangi na karatasi za kukata na kubandika, wakawaambia watengeneze wanachotaka kwa dakika 45. Kabla na baada walipima mate yao kuangalia kortisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo. Kwa takriban robo tatu ya washiriki ilishuka. La kutia moyo zaidi ni kwamba waliozoea kufanya sanaa hawakuwa na tofauti ya maana na wale wenye uzoefu mdogo wa sanaa. Utafiti ule ulikuwa mdogo, na haukuwa na kundi la kulinganisha lililokaa tu kwa dakika 45 bila kufanya lolote, kwa hiyo tusiubebeshe mzigo usio wake. Unatuambia kwamba kipaji si sharti. Kwa mtu anayejizuia kwa kusema "mimi sijui kuchora", hilo latosha.

Kazi za mikono zenye kurudiarudia zina siri yake. Msusi wa ukili anahesabu: jani hili juu, lile chini, rangi inaingia hapa. Mdarizi wa kofia ya vito anafuata tundu baada ya tundu, na kofia moja inaweza kumchukua miezi. Wasiwasi hustawi pale akili inapokuwa huru kuzunguka jambo lilelile usiku kucha. Kazi inayohitaji macho, vidole na hesabu kwa pamoja inaipunguzia nafasi hiyo. Wala haihitaji nguvu nyingi kiasi cha kumchosha aliyekwisha choka. Na ukikosea, unafumua. Si makosa mengi maishani yanayokubali kufumuliwa.

Kwa mwenye sonona faida iko kwingine. Sonona humwondolea mtu uwezo wa kuanza. Kuoga kunakuwa mlima, kujibu simu kunakuwa mlima. Mojawapo ya tiba za kisaikolojia zilizothibitishwa kwa sonona humwanzishia mgonjwa vitendo vidogo vilivyopangwa, bila kusubiri hamu irudi kwanza, kwa kuwa mara nyingi hamu hufuata kitendo. Mstari mmoja kwenye karatasi ni kitendo kidogo hivyo. Kuchagua kijani badala ya bluu ni uamuzi. Kesho yake karatasi ipo, inaonekana, na yule aliyekuwa akijiambia kwamba hafanyi lolote duniani ana ushahidi unaompinga.

Kiwewe kina tabia yake tofauti. Aliyenusurika ajali, vita au ukatili mara nyingi hana kisa chenye mwanzo, kati na mwisho. Ana vipande: harufu ya moshi, mlio wa breki, kiatu kimoja kilichoachwa barabarani. Vipande hivyo humjia bila hodi, na vinapomjia hahisi kama anakumbuka, anahisi kama tukio linatokea upya. Ukimwambia "hebu simulia", umemwomba kitu ambacho hana. Picha, udongo au wimbo havidai kisa kamili, vinapokea kipande. Kipande kikishawekwa nje ya mwili, juu ya meza, kinaweza kutazamwa, kugeuzwa, kufunikwa kitambaa, kufungiwa kabatini mpaka wiki ijayo. Anayeamua lini kifunguliwe ni yeye. Polepole vipande vinapangika, na maneno yakija, yanakuja yakiwa na mahali pa kukaa.

Kuandika nako kunafanya kazi inayokaribiana na hiyo. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu matukio mazito ya maisha yao, wakieleza yaliyotokea na walivyojisikia, walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Lakini mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Majaribio mengi yaliyofuata yalipata faida ndogo, mengine hayakupata. Ukiamua kuandika yaliyokuumiza, jua mapema kwamba jioni hiyo huenda ikawa nzito, na usiianze ukiwa peke yako nyumbani usiku wa manane.

Wenye kusikia

Jambo ambalo vitabu vya Ulaya vilichelewa kulipa uzito, na ambalo pwani yetu imelijua siku nyingi, ni kwamba maumivu yanahitaji hadhira. Mbolezi msibani haiimbwi na mmoja. Mfiwa hapewi hotuba. Anapewa sauti za wanawake waliomzunguka, naye anaingia kwenye wimbo anapoweza na kutoka anaposhindwa.

Ngoma za pepo za Unguja, Tanga na Mombasa zimejengwa hivyohivyo: mgonjwa anawekwa katikati, watu wanakusanyika kwa ajili yake, ngoma na nyimbo zinamfuata yeye, na baadaye anaweza kuingia katika chama cha waliougua kama yeye. Mwanaanthropolojia John Janzen, aliyefanya utafiti mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika miji kadhaa ikiwemo Kinshasa, Dar es Salaam na Cape Town, aliona uzi mmoja ukipita katika tiba za ngoma za ukanda huu: mgonjwa anasaidiwa kuyatoa mateso yake kwa wimbo wake mwenyewe, kundi linaitikia, na aliyeugua anaweza hatimaye kuwa mganga wa wengine. Sisemi kwamba pepo ni jina lingine la sonona. Wapo wasomaji ambao dini yao inawakataza kabisa kwenda kwenye ngoma hizo, na wapo waliocheleweshewa matibabu ya hospitali kwa sababu yake. Ninachosema ni kwamba anayedhani tiba ya kundi kwa njia ya sanaa imeletwa kwetu kutoka nje hajatazama nyuma ya nyumba yake.

Rwanda inatoa mfano wa karibu zaidi na siku zetu. Mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari, Odile Gakire Katese, mwandishi na mtu wa maigizo, alianzisha Ingoma Nshya huko Butare, mji ambao leo unaitwa Huye. Ni kundi la wapiga ngoma wanawake, katika nchi ambayo ngoma kubwa za heshima zilikuwa za wanaume. Ndani yake waliingia wajane na mayatima wa mauaji yale, na waliingia pia wake na mabinti wa watu waliofungwa kwa kuua. Hawakuanza kwa kikao cha kuombana msamaha. Walianza kwa kujifunza mapigo. Kupiga ngoma pamoja kunamlazimisha mtu kumsikiliza aliye ubavuni mwake: ukimpuuza, mnaharibu wote. Kwa watu ambao kukaa benchi moja tu kulikuwa mtihani, mazoezi yaliwapa sababu ya kukutana isiyohitaji maelezo, na yaliyohitaji kusemwa yalisemwa kwa wakati wake.

Inaposhindwa

Jaribio kubwa kuliko mengi katika fani hii lilifanyika Uingereza na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012. Watu 417 wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa vikundi vya tiba kwa sanaa, wengine vikundi vya shughuli za kawaida, wengine wakaendelea na matibabu yao tu. Vikundi viliitwa mara moja kwa wiki kwa mwaka mzima. Baada ya miaka miwili tiba kwa sanaa haikuonyesha faida juu ya wengine, si katika uwezo wa kuendesha maisha, si katika dalili za ugonjwa. Wengi waliopangiwa vikundi hivyo walihudhuria mara chache au hawakwenda kabisa.

Matokeo hayo hayapendwi kutajwa kwenye makongamano ya sanaa na afya. Yatajwe. Yanatuambia kwamba sanaa haichukui nafasi ya dawa za skizofrenia, na kwamba kumwandikia mtu kikundi cha kuchora kama anavyoandikiwa vidonge, bila kujali kama anataka kuchora, ni kupoteza muda wake. Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake mwaka 2019, ikipitia zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya, lilipata ushahidi wa faida katika maeneo mengi, lakini tafiti hizo zilitofautiana sana kwa ubora. Zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja, na msomaji makini hana sababu ya kuchagua moja na kuificha nyingine.

Na kuna uongo wa zamani unaowadhuru wasanii wenyewe: kwamba wazimu ndio unaozaa sanaa, hivyo matibabu yatakiua kipaji. Vincent van Gogh alipokuwa hospitalini Saint-Rémy, Ufaransa, kuanzia Mei 1889, alichora kazi nyingi za ajabu, lakini alichora katika vipindi vya nafuu. Ugonjwa ulipompanda alishindwa kufanya kazi. Julai 1890 alifariki kwa jeraha la risasi, na picha zile zote hazikumwokoa. Yayoi Kusama wa Japani, aliyezaliwa 1929, alifuata njia nyingine. Mwaka 1977 alihamia kwa hiari yake katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Tokyo, akawa na karakana karibu nayo, na kwa miongo kadhaa alikwenda kufanya kazi mchana na kurudi hospitalini. Kazi zake mashuhuri kuliko zote zilizunguka dunia katika miaka hiyo ya matibabu.

Hatari nyingine ni sisi watazamaji. Mtoto amechora nyumba isiyo na mlango, na mtu mzima aliyehudhuria semina ya siku mbili anatangaza kwamba mtoto huyo ananyanyaswa. Amepaka weusi, basi ana huzuni. Katika kambi za wakimbizi na madarasa yenye wanafunzi themanini, mtoto hupaka weusi kwa sababu ndiyo kalamu iliyobaki kwenye kopo. Mchoro unaweza kuwa sababu ya kuuliza kwa upole "nieleze hapa pakoje?" na kunyamaza usikilize. Hauwezi kuwa hukumu.

Daktari Nise da Silveira wa Brazil alilielewa hilo mapema. Katika hospitali ya magonjwa ya akili huko Engenho de Dentro, Rio de Janeiro, alikataa kuwapiga wagonjwa mishtuko ya umeme, na mwaka 1946 akafungua karakana ambamo walichora na kufinyanga. Mwaka 1952 kazi zao zikapewa makumbusho. Alichobadilisha kwanza ni macho ya wafanyakazi. Muuguzi aliyezoea kumwita mtu "yule wa kitanda cha mwisho" sasa alimjua kama Fernando Diniz, mchoraji.

Mahali pa kuanzia

Kwa mtu mwenye msongo wa kawaida, huzuni ya msiba au uchovu wa kazi, hakuna haja ya kusubiri mtaalamu. Chukua kitu ambacho mikono yako tayari ina urafiki nacho: uzi, udongo, kalamu, sufuria la kupigia mdundo kama hakuna ngoma. Tenga muda mfupi unaojirudia siku zilezile. Usianze na jeraha kubwa kuliko yote. Anza na kikombe kilicho mbele yako, kama Hill. Na usikimbilie kupiga picha na kuirusha mtandaoni. Ukishaanza kuhesabu waliopenda, umerudi kwenye kupimwa, na hapo ulikuwa umepata pa kupumzika.

Lakini kama usingizi umekata kwa majuma, chakula hakipiti, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au wazo la kujiua limeanza kukuzoea, nenda hospitali leo, na uende na mtu. Hospitali za rufaa na nyingi za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala ni hospitali za taifa kwa kazi hiyo. Rangi zitakusubiri, na zitakufaa zaidi ukishaanza kutibiwa.

Wataalamu waliosomea tiba kwa sanaa ni adimu mno Afrika Mashariki, na gharama ya kuwasomesha nje haibebeki kwa hospitali ya wilaya. Hata hivyo, tuna wataalamu wa tiba kwa kazi, fani inayofundishwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambao kuitumia shughuli kama matibabu ni sehemu ya mafunzo yao. Tuna washauri nasaha. Na tuna wasusi, wafinyanzi, wapiga ngoma na watunzi katika kila wilaya. Panzi ilichofanya ni kuwaweka watu wawili wenye ujuzi tofauti katika chumba kimoja, kila mmoja akibaki kwenye kazi yake: msanii asijifanye tabibu, tabibu asijifanye msanii. Hilo halihitaji jengo jipya. Linahitaji msanii alipwe posho kama wengine, maana amezoea kuitwa "ajitolee", na linahitaji siku ya wiki ambayo haifutwi kila kunapokuwa na mkutano.

Yapo maswali ya kupatiwa jibu kabla ya karatasi ya kwanza kugawiwa. Michoro na nyimbo hizi zitakuwa mali ya nani? Zikitakiwa kwa ajili ya maonyesho, kalenda ya wafadhili au redio, nani ataulizwa, na akikubali leo akabadilisha mawazo mwakani itakuwaje? Mtoto hawezi kutoa ridhaa hiyo peke yake, na mgonjwa aliye wodini anaweza kukubali kwa kuogopa tu kumkasirisha daktari. Sharti liandikwe na lisomwe kwa lugha anayoielewa: kazi ni ya aliyeitengeneza, anaweza kuichukua nyumbani, anaweza kuiacha kabatini kwa jina lake, anaweza kuichana, na matibabu yake hayatapungua kwa lolote kati ya hayo.